Aliyegusa Mwisho

Ukikaa na vifaa vya shule kwa muda utagundua kwamba kitu kikiharibika, kuna swali moja linalotangulia mengine yote: nani aligusa mwisho? Si nini kimetokea. Si tangu lini. Linaulizwa kuhusu projekta, kuhusu kufuli ya stoo, kuhusu mtungi wa gesi wa maabara, na siku hizi kuhusu laptopu. Linaulizwa kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana jibu, na kweli mara nyingi jibu liko kwenye daftari: jina, kidato, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, sahihi.

Nataka kulibishia hilo swali. Silikatai lote, kuna siku lina haki yake, na mtu akiangusha projekta ngazini hatuhitaji falsafa. Ila naona ni swali la enzi nyingine. Lilifaa wakati kifaa kilibadilika tu kama kuna mtu amekibadilisha. Leo kifaa kinabadilika kikiwa mezani peke yake, na uamuzi wa kukibadilisha umefanywa na watu ambao hawajawahi kusikia jina la Ndhiwa.

Mfano wangu ni wa klabu ya roboti katika shule moja ya wasichana, ya bweni, kaunti ya Homa Bay. Shule sitaitaja, na kampuni ya mfumo endeshi nayo itabaki bila jina. Mimi hupita pale mara moja moja nikitoka Migori, nashukia Rongo, nadaka gari la Homa Bay, na siku hiyo inaishia mezani kwao. Klabu ina laptopu mbili na bodi nne za aina ya Arduino, zile nakala za bei nafuu zilizojaa maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. (Nakala hapa si wizi. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro ya bodi zake iliachwa wazi ili yeyote aitengeneze, bora tu asibandike jina lao.) Wasichana walikuwa wameunda kigari chenye sensa ya kupima umbali kwa mawimbi ya sauti. Kikiona ukuta, kinasimama, kinageuka, kinaendelea. Walikuwa wanakiandaa kwa maonyesho ya sayansi.

Ijumaa kigari kilitembea. Jumatatu programu ya kuandikia kodi ilifunguka vizuri, ikaikubali kodi, ikaikagua bila kosa, halafu ikagoma kuituma: ati hakuna bodi iliyounganishwa. Na bodi ilikuwa imechomekwa hapo hapo, taa yake inawaka.

Jina la mwisho kwenye daftari lilikuwa la msichana wa Form Three. Mwalimu wa zamu hakuuliza la pili. Msichana aliambiwa ampigie mzazi aje shuleni kuhusu "kuharibu mashine". Mama yake anauza omena Mbita, na biashara ya omena haina siku ya kupumzika. Ukikosa soko siku moja, samaki hawakungojei.

Kilichotokea ni hiki. Ijumaa laptopu ilikuwa imeunganishwa kwa hotspoti ya simu ya mwalimu ili wapakue maktaba ya kodi ya sensa. Wakati huo huo, bila kumuuliza mtu, ikaanza kujipakulia toleo jipya la mfumo endeshi. Jioni kengele ya chakula ilipolia, msichana alitaka kuzima. Kwenye menyu kulikuwa na njia mbili tu: sasisha kisha uzime, au sasisha kisha uwashe upya. Kuzima tu, kama mtu anavyozima taa, hakukuwepo. Akabonyeza ya kwanza, akafunga mfuniko, akatia sahihi, akaenda kula.

Kwa hiyo alibonyeza. Hapo ndipo jambo linaponivutia, kwa sababu ukitaka kumtetea kwa kusema hakufanya kitu, utakuwa unadanganya. Kidole ni chake. Bila kile kidole, Jumatatu kigari kingetembea. Kama chanzo ni kile ambacho bila hicho jambo lisingetokea, basi yeye ni chanzo. Lakini kwa kipimo hicho, aliyepiga kengele ya chakula pia ni chanzo, na mwalimu mwenye hotspoti, na yeyote aliyemuuzia mwalimu bando. Mnyororo wa sababu hauna mwisho, na lawama tunaichomeka popote tunapotaka. Sisi huichomeka kwenye pete iliyo karibu na mkono wetu.

Na kubonyeza kwenyewe kulikuwa na uzito gani? Mlango ukiwa mmoja, kuupitia si kuuchagua. Tunajua hili vizuri maishani. Mtu akikwambia "toa simu au nikudunge" na ukatoa, hakuna anayesema ulimpa. Sisemi kampuni ya programu ni mwizi wa barabarani, tusifike huko. Nasema tu kwamba neno "kukubali" lina masharti yake. Lazima uwe umeelezwa kitakachotokea, na lazima kukataa kuwe kunawezekana. Ile menyu haikuwa na hata moja ya haya mawili.

Tuliketi mezani saa tisa. Kutafuta hitilafu, kwa asiyewahi kuifanya, ni kama kusikiliza kesi, tofauti ni kwamba hakuna shahidi anayesema uongo. Sharti lake kubwa ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na mambo yakanyooka, hujui ni kipi kilikusaidia, na kesho utarudi pale pale. Kebo kwanza, kwa sababu kuna kebo za USB zinazopeleka umeme tu bila data, na zimewahi kuwapotezea watu siku nzima. Tukachukua nyingine. Bado. Kisha yule msichana mwenyewe, ambaye muda wote alikuwa amekaa pembeni kama mshtakiwa, akasema: "Si tujaribu hii bodi kwa ile laptopu ingine?" Ile nyingine haikuwa imesasishwa. Tukachomeka, kodi ile ile, kebo ile ile, kigari kikatembea.

Hapo bodi ikaachiliwa huru. Kodi pia, na sensa, na nyaya, vyote kwa mkupuo. Kilichobaki kilikuwa laptopu ya kwanza, na ndani yake kitu kimoja: draiva. Draiva ni kijiprogramu kinachomfundisha mfumo endeshi kuongea na chipu fulani. Bodi za bei nafuu hutumia chipu tofauti na zile za asili kwa kuunganisha USB, na chipu hiyo ina draiva yake. Kwenye orodha ya vifaa tukaona alama ya njano kando ya jina lake. Usasishaji ulikuwa umeondoa draiva iliyofanya kazi na kuweka mpya isiyoelewana na chipu ya zamani. Tukazima mtandao, tukafuta mpya, tukarudisha ya zamani, tukawasha upya. Kigari kikagonga mguu wa meza, kikarudi nyuma, kikageuka. Kigiza kilikuwa kimeanza kuingia.

Mwalimu akaonyeshwa yote. Alielewa, ni mtu mwerevu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sawa. Lakini aliyebonyeza ni nani?"

Nilikasirika, nikiri, lakini baada ya siku kadhaa niliona jambo ambalo hasira haikuniruhusu kuliona. Mwalimu yule ametia sahihi ya laptopu mbili. Akihamishwa, ataulizwa laptopu mbili. Mkaguzi akija hatauliza kuhusu draiva, atauliza mali ya shule iko wapi na inafanya kazi au la. Mfumo mzima wa uwajibikaji wa shule umejengwa kwa majina ya watu wanaoweza kuitwa ofisini, na mtunga programu aliye ng'ambo haitwi ofisini. Kwa hiyo lawama hushuka. Inatoka juu, haipati pa kushika, inamfikia mwalimu, naye hana pa kuiweka ila kwa aliye chini yake. Si ukatili. Ni mteremko.

Watu wa huku wanaijua dhana ya chira: mtu akivunja mwiko, madhara yanaweza kumfuata, kudhoofu kwake kukawa ushahidi. Vijana wa mjini wakiisikia hucheka, wanaona ni mfano kamili wa kuuliza "nani" mahali pa "nini". Mimi sina haraka hiyo ya kucheka. Chira haiishii kwa kumtaja mkosaji. Kuna manyasi, dawa ya kurudisha mambo mahali pake, na wazee wanaokaa kuangalia ni nini hasa kilivunjwa. Ukilinganisha na barua ya kumwita mzazi, ile ya kale imeenda mbali zaidi: inataka kitu kirekebishwe. Barua ilitaka jina tu. Kama wasichana wasingebishana, mama angekuja, angeomba msamaha, angelipa pengine, na laptopu ingebaki vile vile na alama yake ya njano.

H. Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitumia miaka mingi akiwahoji wazee na akatofautisha aina mbili za wenye hekima: anayeijua vizuri hekima ya jamii yake na kuisema, na anayeijua kisha akaiuliza maswali. Alikuwa anaongea na watu waliokula chumvi nyingi. Lakini "Si tujaribu kwa ile laptopu ingine?" kwangu ni sentensi ya aina ya pili, na iliyosemwa na mtu ambaye kunyamaza kungemfaa zaidi.

Sasa tutoke Homa Bay kidogo, kwa sababu mchezo huu wa aliyegusa mwisho haukuanzia shuleni. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland, inayotengeneza chipu za kuunganisha USB, ilichoka na chipu bandia zilizobeba jina lake. Ilitoa draiva mpya, ikasambazwa kupitia usasishaji wa kawaida wa Windows, na draiva hiyo ikikutana na chipu bandia ilikuwa inaifuta namba yake ya utambulisho, inaiweka sifuri. Kuanzia hapo kompyuta haikuitambua tena. Kelele zilipigwa dunia nzima, na draiva hiyo ikaondolewa kwenye usasishaji wa Windows. Mwaka 2016 FTDI ikarudi na mbinu ya upole kidogo: chipu bandia ikawa inatoa maneno kwamba kifaa si halisi, badala ya data uliyoitaka.

FTDI walikuwa wameibiwa kweli. Sitaki kujifanya hawakuwa na kesi. Lakini tazama waliyemwadhibu. Aliyeghushi chipu alishalipwa pesa zake zamani. Muuzaji wa jumla pia. Mwenye duka pia. Aliyebaki na kitu mkononi ni mwanafunzi au fundi wa mwisho, ambaye hawezi kuifungua chipu chini ya darubini kujua ni ya nani, na ambaye alilipa bei aliyoambiwa. Hiyo ni barua ya kumwita mzazi, imeandikwa tu kwa lugha ya mashine. Prolific, kampuni nyingine ya chipu kama hizo, walienda njia tofauti: kwenye Windows za karibuni, chipu yao ya kale inakuletea ujumbe kwamba iliondolewa sokoni tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Aliyekuuzia! Mwenye kibanda aliyehama miaka sita iliyopita.

Hata wanaonunua vitu halisi hawakuponea. Oktoba 2019 Apple walitoa macOS Catalina, ambayo haikukubali tena programu za biti 32. Programu ya kompyuta ya LEGO Mindstorms EV3, iliyokuwa ikifundishia watoto roboti tangu 2013, ilikuwa mojawapo. Shule zilizosasisha ziliamka na matofali mazuri yasiyo na pa kuandikia kodi. LEGO walitoa programu nyingine, EV3 Classroom, ila kazi za zamani hazikufunguka ndani yake. Mwisho wa 2022 Mindstorms yenyewe ikaachwa kutengenezwa. Haki ya Apple ni kwamba walionya: tangu 2018 kompyuta zao zilikuwa zikikuonyesha onyo kwamba programu hii haitaendelea. Onyo ni kitu. Lakini linamwambia mwalimu kwamba mvua inakuja bila kumpa paa.

Hapa kuna pingamizi, na ni zito. Bila usasishaji tungeangamia. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta nyingi duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa Machi. Waliokuwa wamesasisha walilala usingizi. Kwa hiyo anayesema "usiguse, iache ilivyo" naye anacheza na mali ya wenzake, kwa sababu kompyuta yenye ugonjwa huambukiza zingine. Kusasisha ni kama chanjo, watu wa usalama husema, na sioni walipokosea.

Ila daktari anayechanja hukuuliza kwanza. Na hapa namkumbuka fundi mmoja wa simu Migori mjini. Ana laptopu mbili kwenye meza yake. Moja ni mpya na iko mtandaoni. Ya pili ni kuukuu, na ina programu za zamani za kufufua simu za zamani, programu ambazo kwenye mfumo mpya hazifunguki. "Hii haionangi mtandao," aliniambia. "Ikiuona, inakufa." Hajasoma chochote kuhusu WannaCry, lakini amefikia pale pale walipofikia wataalamu: ukitaka kubaki na cha kale, kitenge. Kilichonigusa zaidi ni anavyoongea na mteja. Kabla hajaanza, anamwambia mama aliyeleta simu: "Mama, nikiiflashi itawaka, lakini picha zote zinaenda. Namba za kwa simu pia. Unakubali ama tuache?" Kisha anangoja. Mama mmoja alifikiri muda mrefu, akachukua simu yake, akaenda nayo ikiwa imekufa hivyo hivyo. Kulikuwa na picha za mtu ndani yake.

Fundi alipoteza pesa ya siku ile. Nampima kila kampuni kwa fundi huyu. Alijua kitakachopotea, alisema kwa lugha ya mteja, na alipoambiwa hapana, hapana ilibaki hapana. Anayejua zaidi na anayeweza kurudisha nyuma ndiye anayebeba mzigo zaidi, haijalishi kidole cha nani kilibonyeza. Msichana wetu hakujua wala hakuweza. Mwalimu hakujua, ingawa angeweza kuuliza. Kampuni ilijua kwamba kuna chipu za zamani huko nje, na ndiyo iliyoandika menyu ya milango miwili.

Kuna mahali Migori panaitwa Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, tangu takriban karne ya 16. UNESCO waliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zinasimama kwa sababu kila jiwe limeegemea mengine, na kwa sababu jamii zilizokuja kukaa pale, moja baada ya nyingine, zilizikarabati badala ya kuzibomoa zianze upya. Watu hupenda kusifu waliojenga. Mimi hufikiria waliokuja baadaye, waliokuta ukuta ambao si wao, wakaona jiwe limelegea, na kabla ya kulivuta wakaangalia ni yapi yanayoliegemea.

Mama alikuja. Hili sikulisema mapema. Simu ya kumwambia asije ilimpata akiwa tayari njiani, kwa hiyo alifika, akaketi nje ya ofisi na pochi magotini, akaambiwa mambo yameisha. Hakuna aliyemwomba radhi. Binti alimpeleka chumba cha klabu akamwonyesha kigari, kikaenda hadi kwenye kiatu chake kikasimama. Akauliza kimejuaje. Binti akaanza kumweleza mawimbi ya sauti kwa Dholuo, akikosa maneno hapa na pale, akiyaunda mengine.

Shauri lililobaki ni la ile laptopu ya pili, ile isiyosasishwa, iliyotuokoa. Inatumia Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa umri wake haina chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Mwalimu anataka ipelekwe kwa fundi likizoni iwekewe mfumo wa Linux. Wasichana wawili wanataka iwe kama ile ya Migori, isione mtandao kamwe. Yule wa Form Three anasema tujaribu kwanza Linux kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, bila kufuta kitu, tuone kama itaitambua bodi. Flashi tunayo. Tumekubaliana Jumamosi.